Naomba ushauri: faini ya maji machafu na sheria ndogo inayokuja

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama lishe. Juzi mgambo walikuta maji ya kuoshea sufuria, bado yana punje za wali, yamemwagika mtaroni mbele ya banda langu. Nikalipishwa 50,000 papo hapo, bila namba ya malipo wala risiti. Iliniuma sana, ni mtaji wa siku mbili.

Sasa madiwani wanajadili sheria ndogo ya kupandisha faini na ada ya taka. Bei za maji angalau EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni, wananchi tukasema. Kwa hii ya halmashauri, pingamizi la maandishi nampelekea mkurugenzi au diwani, kabla haijafika kwa waziri kuidhinishwa? Na ile 50,000 nailalamikia wapi? Kikao ni wiki ijayo.