Uchaguzi wa Agosti: tubaki Malindi, twende Lamu au turudi Tanga?

MamaWaMaweni: Salaam alaikum wanabaraza. Sisi ni familia ya Kitanzania, twaishi Malindi. Uchaguzi wa Kenya ni Jumanne, Agosti 10, 2027, na maneno mitaani yameanza kuwa makali. Mume wangu ataka tubaki. Wifi yangu yuko Lamu, asema twende kwake. Mamangu ataka turudi Tanga. Nisaidieni kulinganisha kabla nauli hazijapanda.

FundiMayungu: Waalaikum salaam. Dada, ya maana hujayasema. Watoto wangapi? Pasi zenu zina muhuri ulio hai? Na majirani mwaelewana nao vipi? Hilo la mwisho ndilo kubwa.

NahodhaShela: Njooni Lamu, wala msifikiri mara mbili. Huku Langoni kijana akirusha jiwe, kabla halijaanguka watu washajua ni mtoto wa nani. Na wifi yako ni mwenyeji, atawasimamia.

MjukuuWaRiyadha: Nahodha, umetazama kalenda? Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka huo waangukia Agosti. Maulidi na kuhesabu kura vitakutana. Wageni watajaa, na wifi naye atakuwa na wageni wake. Aulize mapema kama kuna kitanda.

MakangaMstaafu: Mimi nasema usibaki njiani, basi. Desemba 2007 nilikuwa makanga wa basi la Malindi–Mombasa. Jumapili ile ya tarehe 30, siku matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, tulikuwa na mama wa Kiganda na watoto wake, akienda Mombasa apate gari la kwao. Tulipofika Mtwapa dereva akazima injini, akasema hasogei, mbele kuna moto. Abiria wenyeji wakashuka mmoja mmoja, kila mtu akaenda kwa jamaa yake. Yule mama hakuwa na jamaa. Pesa zake zilikuwa benki, benki zimefungwa. M-Pesa ilianza Machi mwaka huohuo, mawakala walikuwa wa kutafuta. Kopo la maziwa likapanda bei mbele ya macho yetu, asubuhi bei moja, jioni nyingine. Mzee mmoja akamfungulia chumba cha uani, na wanawake wa pale wakamletea uji. Alikuwa na pasi safi kabisa, na haikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni wale wanawake. Kwa hiyo dada, ama uondoke Julai, ama utulie ulipo na watu wanaokujua.

HesabuZaSiku: Nakubaliana na Makanga, ila mwasahau kwamba siku ya kura yenyewe huwa shwari. Joto huwa kwenye kungoja. 2022 kura zilipigwa Agosti 9, matokeo yakatoka tarehe 15, Mahakama ya Juu ikaamua Septemba 5, rais akaapishwa tarehe 13. Mombasa kura ya gavana iliahirishwa hadi Agosti 29. Na 2017 mahakama ilifuta matokeo Septemba 1, watu wakarudia Oktoba 26. Ukikimbia wiki moja, utarudi katikati ya mambo.

MamaWaMaweni: Ahsanteni. Watoto ni wawili, mihuri iko sawa. Na mimi ni mjamzito, natarajia kujifungua mwisho wa Agosti.

BiMkubwaCasuarina: Mwanangu, hilo ndilo la kwanza! Lamu kuna hospitali ya King Fahd, sawa, lakini ukihitaji kupelekwa mbele ni boti hadi Mokowe au Manda, usiku, na kusi yavuma. Malindi hospitali unayo karibu, na wakunga wakujua. Tanga kuna hospitali ya Bombo na mamako yupo. Mimi ningekupeleka kwa mamako mwezi wa Julai, mapema.

FundiMayungu: Tanga? Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima na Dar watu wakaamriwa wasitoke nje.

MwanaPongwe: Uchaguzi wetu ujao ni 2030, na yeye aenda 2027. Watu wetu walikufa, ndugu. Usiwafanye hoja ya kushindia.

FundiMayungu: Poleni, sikukusudia kuwaumiza. Lakini mimi nasema abaki Malindi.

NahodhaShela: Na akienda Tanga, feri ya Likoni pale Mombasa ataivuka vipi na tumbo lile?

MakangaMstaafu: Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, huvuki feri.

NahodhaShela: Dongo Kundu ni mpaka uzunguke Miritini. Matatu za Lunga Lunga, kule mpakani, zapakia Likoni.

MakangaMstaafu: Akodi gari moja kwa moja hadi mpakani. Mjamzito hapandishwi matatu tatu kwa siku moja.

MamaWaMaweni: Mume wangu amesoma yote, bado asema tubaki. Je, mtoto akizaliwa Malindi, cheti chake kitakuwaje?

HesabuZaSiku: Cheti cha kuzaliwa cha Kenya atapata. Uraia hufuata wazazi, kwa hiyo atakuwa Mtanzania. Chukua karatasi ya hospitali siku hiyohiyo, usiondoke bila hiyo.