Huyu baba wa tarumbeta ya bluu ametudharau sisi sote (mniache niseme)

NyarNamLolwe:

Nimezima TV sasa hivi na mikono inanitetemeka. Ni saa saba usiku hapa Manyatta, Kisumu, jirani ashagonga ukuta, na agonge mpaka uanguke, leo nitasema.

Mnajua ni nani namsema. Yule baba wa komedi ya Kimarekani How I Met Your Mother, anayekalisha watoto wawili kwenye kochi ati awasimulie alivyokutana na mama yao. Jina lake siliandiki, vidole vyangu vina heshima. Nimemaliza episodi ya mwisho na nawaambia, tangu nizaliwe sijawahi kutukanwa na mtu wa kwenye televisheni jinsi nilivyotukanwa usiku huu.

Misimu 9! Episodi 208! Wamarekani walianza kumngoja huyo mama mwaka 2005, nasi tuliokuja nyuma tukamngoja vilevile. Leo mwavuli wa manjano, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa gitaa la besi, na baba anasema tulieni, anakuja. Akaja. Na jameni, alikuwa MTU. Amefiwa na mpenzi wake siku aliyotimiza miaka 21, ana kidonda chake, na bado anatoka barazani usiku na kigitaa chake cha ukulele anaimba peke yake mpaka ukataka kumfungulia mlango aingie kwako. Roho safi kuliko wote wa ile baa ukiwakoroga kwenye sufuria moja. Nikasema sawa, kungoja kumelipa.

Kisha dakika za mwisho. Anaugua. Ugonjwa gani? Hatuambiwi. Kitanda cha hospitali kinaonyeshwa mara moja, hadithi inasonga. Mazishi hakuna, matanga hakuna, hata mtu mmoja wa kujifunga leso kiunoni aseme woi hakuna. Hapa kwetu ng'ombe wa jirani akifa watu wanakaa chini waulize alikula nini! Na watoto, wale aliowabeba tumboni mwake, wanacheka. Wanamwambia baba yao hadithi hii haikuwa ya mama, ilikuwa ya shangazi (si dada ya baba, ni rafiki yake aliyempenda tangu episodi ya kwanza, watoto humwita shangazi), basi aende tu. Naye hakungoja hata chai iive. Akachukua TARUMBETA YA BLUU akaenda kusimama chini ya dirisha la shangazi.

Tarumbeta. Ya bluu. Ile aliyoiba mkahawani ampelekee huyo huyo shangazi kwenye episodi ya kwanza kabisa.

Yaani misimu tisa kumbe mtu anaomba watoto ruhusa!

Na msinikumbushe zile siku 45. Mtanikumbusha, najua, acha nijikumbushe mwenyewe. Msimu wa nane, anajiona amekimbia mpaka mlangoni kwa mama, bado hawajuani, anamwambia zimebaki siku 45 wakutane lakini yeye anazitaka hizo siku pia, na kama hazipatikani basi apewe hata sekunde 45. Nililia sufuria zikalala bila kuoshwa. Mtu wa kulilia sekunde 45 ndiye huyu huyu wa kukimbia na tarumbeta? Aliipata wapi? Alikuwa ameificha wapi miaka yote ya ndoa? Mama alikuwa akifagia chini ya kitanda anaiona?

Anayetaka kumtetea aje hapa. Namngoja.

Jamaa_wa_Section58:

Hiyo ilitoka tarehe 31 Machi 2014. Hasira yako ilikuja Kisumu kwa mkokoteni?

NyarNamLolwe:

Nimeona leo, nimeumia leo. Nyinyi wa Nakuru mmezoea baridi mpaka roho zikaganda.

Omera_Bila_Presha:

Mimi ndiye jirani wa ukuta. Nakuomba ulie polepole, kuna watu wa kuamka saa kumi kwenda soko la Kibuye.

NyarNamLolwe:

Jumapili ulipiga rumba kutwa nzima sikugonga. Leo ni zamu yangu.

Ingokho_ya_Mwisho:

Dada pole, lakini unalilia kitu kidogo. Tarumbeta ni dakika moja. Mimi waliniibia msimu mzima! Msimu wa tisa, episodi baada ya episodi, tumefungiwa kwenye ile hoteli ya harusi ya shangazi na yule rafiki yao wa suti. Wikendi MOJA. Nilijua korido za hiyo hoteli kuliko za nyumba yetu hapa Shinyalu. Nikasema sawa, angalau hawa watu wanaoana na tumeshiriki. Episodi ya mwisho ikafika, sijamaliza kutafuna karanga, wameachana. Ndoa ya miaka mitatu! Huku kwetu wazee wangeitwa tena, na wale ng'ombe wangehesabiwa mmoja mmoja.

Jamaa_wa_Section58:

Hilo la harusi ni kweli. Hilo ndilo lilistahili uzi.

NyarNamLolwe:

Fungueni wenu. Hapa tunaongea tarumbeta.

Mwalimu_Mstaafu_Webuye:

Binti yangu, hebu tulia kidogo. Hadithi inasimuliwa mwaka 2030, na mama alifariki 2024. Hiyo ni miaka sita. Mwanamume amekaa mjane miaka sita akilea watoto wawili, mnataka afanye nini, aoe picha ya ukutani? Na walituonya. Kuna ile jioni hotelini, mama anasema hakuna mama anayeweza kukosa harusi ya binti yake, na mumewe machozi yanamjaa. Hapo mimi nilimwambia mke wangu, huyu mama haendi mbali. Anayetazama kwa makini hakushtuka.

NyarNamLolwe:

Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini miaka sita ni ya kwake. Mimi nilipewa dakika! Wananionyesha kitanda, wananirudisha kituo cha treni ile siku walipojuana, mvua, mwavuli mmoja, wanabishana juu ya herufi T na M za kwenye mwavuli, moyo umeyeyuka, sijameza mate, watoto wanacheka, TARUMBETA. Hata mjane wa kweli hupewa muda wa kunyoa nywele.

Mwalimu_Mstaafu_Webuye:

Marahaba. Hapo kwenye dakika umenishinda.

Kijana_wa_Kondele:

Ngojeni.

Mama ALIKUFA?

Ingokho_ya_Mwisho:

Ee Mungu.

Kijana_wa_Kondele:

Flashi yangu ilikatikia kituoni! Wako chini ya mwavuli, wanacheka, skrini ikawa nyeusi, nikajua imeisha. Nimetembea na hiyo furaha mji huu wote. Nimewaambia watu wa kinyozi kwamba hiyo ndiyo komedi yenye mwisho mtamu kuliko zote. Mchumba wangu nilimtongoza kwa hiyo hadithi ya mwavuli! Sasa nitamwambia nini?

Omera_Bila_Presha:

Usimwambie.

Lanet_kwa_Kona:

Yule jamaa wa muvi aliyekata hiyo faili aliipenda hadithi kuliko walioiandika. Na wala hukudanganywa sana. DVD zilipotoka mwaka huo huo wa 2014 zilikuwa na mwisho wa pili, mama haugui, inaishia hapo hapo kituoni. Wewe wa Kondele ulipata huo bila kujua.

Kijana_wa_Kondele:

Basi mimi nakaa na huo. Sitaki kusikia tarumbeta.

NyarNamLolwe:

Huo mwisho nautaka! Unapatikana wapi? Na kama walikuwa na mwisho mzuri ndani ya kabati, kwa nini walinipa huu wa tarumbeta?

Lanet_kwa_Kona:

Kwa sababu ya watoto wa kochi. Wale watoto walikuwa wadogo, wangekua, sauti zingevunjika. Kwa hivyo kile kipande chao cha mwisho, cha kumwambia baba aende kwa shangazi, kilirekodiwa mapema, wakati wa msimu wa pili, kikafungiwa. Wakati huo hata mama mwenyewe hajachaguliwa nani atamwigiza. Hadithi ikaendelea miaka mingi, akaja yule mama, watu wakampenda kuliko walivyotarajia, na kanda imeshakaa pale inangoja. Wakaitumia hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tumehama, wao bado walikuwa kwenye msimu wa pili.

NyarNamLolwe:

Kwa hivyo tarumbeta ilikuwa inaningoja tangu msimu wa PILI? Nilipokuwa nacheka, nilipokuwa nalia siku 45, nilipokuwa nawalazimisha dada zangu watazame, tarumbeta ilishapigwa rangi? Sasa ndiyo silali kabisa.

Mama_Tatu_Busia:

Mimi nauliza jambo moja tu na hakuna aliyeligusa. Mahari. Huyo baba na mama walichumbiana, mtoto akaja, wakaahirisha harusi, mtoto wa pili akaja, ndoa ikafungwa 2020. Miaka yote hiyo ni njoo-tukae. Hatukuona mjomba, hatukuona shangazi wa upande wa mama, hatukuona hata jogoo. Huku mke akifia kwako na hukupeleka kitu kwao, siku ya mazishi wazee wa kwao watakaa kwenye viti vyao na jeneza halitoki. Labda ndiyo maana mazishi hayakuonyeshwa.

Ingokho_ya_Mwisho:

Mama Tatu umetoboa. Mazishi yalikwama!

Mama_Tatu_Busia:

Ndiyo nasema. Na hao watoto wanaocheka, walicheka kwa sababu hawakulia. Hawakupewa siku ya kulia. Mtoto aliyeketi na matanga hawezi kumwambia baba yake beba tarumbeta.

NyarNamLolwe:

Mama, asante. Mtu mmoja hapa amenielewa.

Mwana_wa_Idakho:

Na mkitaka ala ya kwenda nayo kwa mtu, tarumbeta ya wizi si kitu. Kwetu ni ngoma ya isukuti. Inapigwa harusini, inapigwa mazishini, inapigwa mtoto akizaliwa. Mwaka ule ule wa 2014 hao wanamaliza komedi yao, UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kulindwa na nani? Vijana wa siku hizi mnakesha kwenye flashi, ngoma ya babu zenu hamwezi kuipiga dakika mbili. Malalamiko yangu ni hayo.

Kijana_wa_Kondele:

Mzee hiyo imetoka wapi sasa?

Mwana_wa_Idakho:

Imetoka kwa tarumbeta. Someni uzi.

Jamaa_wa_Section58:

Hakuna aliyetudhulumu kama yule daktari wa dinosauri wa wale marafiki sita wa mkahawa, wa komedi ya Friends. Mnakumbuka, Februari 1997. Wamegombana na mchumba jioni, kabla ya asubuhi kufika yuko na msichana wa duka la fotokopi. Halafu misimu yote iliyobaki anajitetea ati walikuwa wamepumzika. Baba wa tarumbeta angalau alingoja miaka sita. Huyo hakungoja usiku mmoja!

Lanet_kwa_Kona:

Walikuwa WAMEPUMZIKA.

Jamaa_wa_Section58:

Hawakuwa.

Lanet_kwa_Kona:

Mchumba mwenyewe ndiye aliyesema wapumzike. Nini kingine unataka, barua ya chifu?

Mama_Tatu_Busia:

Kupumzika si kuachana. Ukimwambia fundi apumzike, anaenda kujengea jirani?

Omera_Bila_Presha:

Fundi wangu alifanya hivyo hasa. Nilimlipa nusu, akasema anapumzika wiki moja, nikamkuta Nyamasaria anapiga plasta ya mtu. Choo changu hakina mlango mpaka leo.

Ingokho_ya_Mwisho:

Huyo fundi ni yule mfupi mwenye kofia ya kijani?

Omera_Bila_Presha:

Ndiye! Unamjua?

Ingokho_ya_Mwisho:

Alituezekea jikoni. Mvua ikinyesha tunahamia sebuleni na meko.

NyarNamLolwe:

Jameni, tarumbeta.

Mama_Tatu_Busia:

Kofia ya kijani, anasema ametoka Maseno? Huyo alichukua mabati yangu kumi ati anaenda kuyapima.

Kijana_wa_Kondele:

Mpeni namba ya chifu huyo mama. Na mimi naomba jambo, nani ana ule mwisho wa DVD? Nataka ule wa mwavuli ulio safi, ule wangu unakwaruza kwaruza na maandishi ya chini ni ya Kikorea.

Lanet_kwa_Kona:

Ninao. Lete flashi isiyo na virusi. Ile ya mwisho uliyoleta ilinifutia harusi ya dada yangu yote, video hata moja haikubaki, na hujawahi kuomba msamaha.

Kijana_wa_Kondele:

Hiyo haikuwa flashi yangu, ilikuwa ya jamaa wa muvi.

Omera_Bila_Presha:

Mama Tatu, hayo mabati yalikuwa ya geji gani? Niko na picha ya nyumba ya Nyamasaria aliyokuwa anajenga, paa linang'aa sana.

Mama_Tatu_Busia:

Geji 30, rangi ya maruni. Tuma picha sasa hivi, naamsha mzee.