Baba alifariki Dodoma na tumemzika Mpwapwa: mirathi tuianzie wapi?

Kitindamimba wa Kizota:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu mstaafu, alifariki katika hospitali moja hapa jijini Dodoma, nasi tukamsafirisha hadi kwao wilayani Mpwapwa kwa mazishi. Matanga yameanuliwa na wageni wameondoka, na sasa mezani kuna kibali cha mazishi, karatasi ya tangazo la kifo tuliyopewa hospitalini, kitambulisho chake cha taifa, kadi ya benki, na jalada la kiwanja cha Kizota ambalo karatasi zake zilitolewa na CDA, iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ana pia shamba la zabibu Mpunguzi ambalo liko karibu kuvunwa.

Baba mdogo anasisitiza kwamba mirathi ifunguliwe Mpwapwa kwa kuwa ndiko alikozikwa. Kaka yetu mkubwa, ambaye anaijua namba ya siri ya kadi, anashauri tutoe fedha kabla benki haijapata habari. Mama amenyamaza tu. Naomba mwenye uzoefu anieleze hatua zenyewe, na ipi itangulie.

Karani Mstaafu:
Poleni sana kwa msiba, mwanangu. Jambo la kwanza ni cheti cha kifo, kwa sababu benki, mfuko wa pensheni na mahakama zote zitakiuliza kabla ya kukusikiliza. Kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea. Kwa hiyo, ingawa kaburi liko Mpwapwa, usajili wenu ni wa Dodoma, kwa msajili wa wilaya anayefanya kazi kwa niaba ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na maombi siku hizi hupokelewa pia kwa njia ya mtandao. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Zikipita, usajili bado unawezekana, ila utaingia katika utaratibu wa usajili uliochelewa, wenye maswali na vielelezo zaidi.

Kabla hujawasilisha chochote, keti na nyaraka zote na ulinganishe majina herufi kwa herufi. Nimekaa masjala miaka mingi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba mafaili mengi hayakukwamishwa na ugomvi wa ndugu, bali na majina. Utakuta hospitali imeandika jina la ubatizo na la baba yake, kitambulisho cha taifa kina majina matatu, benki inamjua kwa herufi za mwanzo, na karatasi za kiwanja zina jina la Kigogo alilokuwa akilitumia ujanani. Ukiona tofauti ya namna hiyo, iambieni ofisi ya usajili mapema, kisha mwone wakili au hakimu kwa ajili ya hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Cheti kikishatoka na kosa, kukirekebisha ni safari nyingine.

Kuhusu baba mdogo, mwelezeni kwa heshima kwamba mahali pa kaburi hapaamui mahakama. Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka ni ile ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wakati wa kufa kwake, na kwa maelezo yako makazi hayo ni Kizota. Fahamuni pia kwamba Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kama mzee alifunga ndoa ya Kikristo na aliishi akiwa ameachana na mila, ulizeni masjala mahakama inayofaa kabla hamjalipa ada, maana shauri lililofunguliwa pasipo mamlaka linaweza kufutwa hata kama ndugu wote walikubaliana.

Mhasibu wa Makole:
Nitajibu suala la kadi peke yake. Mwambie kaka asitoe hata shilingi. Taarifa ya akaunti huonyesha tarehe na saa ya kila muamala, na cheti cha kifo kina tarehe ya kifo. Mrithi mmoja akinung'unika, karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatosha kumweka pabaya. Ipeni benki taarifa kwa maandishi, na fedha zitasubiri barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Zile za kwenye simu nazo ni mali ya marehemu, kwa hiyo laini yake isitupwe wala kugawiwa.

Kwa kuwa alikuwa akipokea pensheni, toeni taarifa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, bila kuchelewa, kama huo ndio mfuko uliokuwa ukimlipa, na makao makuu yake yapo hapa hapa Dodoma. Mkikaa kimya na malipo yakaendelea kuingia, mtadaiwa kuyarejesha.

Mama wa Mvumi:
Pole mwanangu, na unifikishie pole kwa mama. Hilo la mama kunyamaza limenigusa. Kikao cha ukoo kitakapoitishwa ili kupendekeza msimamizi, hakikisheni yumo ndani, si jikoni akipika chakula cha wajumbe. Muhtasari usomwe wote kwa sauti mbele yake kabla ya sahihi, ukitaja mjane na watoto wote kwa majina, wakiwemo wa nje kama wapo. Nimeshuhudia karatasi za mahudhurio zikisainiwa mapema, maelezo yakaja kuandikwa baadaye juu ya sahihi za watu. Tena muhtasari ni pendekezo tu. Anayeteua ni mahakama, na yeyote asiyeridhika ana haki ya kuweka pingamizi.

Zabibu haziwezi kungoja hakimu. Vuneni, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na muwe na daftari linaloonyesha kilo zilizouzwa, bei, malipo ya vibarua na dawa, na salio lilipohifadhiwa. Daftari la rambirambi lisichanganywe na hilo, kwa sababu mapato ya shamba ni ya mirathi.

Kitindamimba wa Kizota:
Nawashukuru nyote. Majina kweli yanatofautiana, na kesho tutaanza na hilo. Naomba kuuliza kuhusu kiwanja: CDA ilivunjwa mwaka 2017, je, karatasi zake bado zina thamani?

Karani Mstaafu:
Zina thamani, msizitupe hata risiti. Majukumu ya CDA yalihamishiwa halmashauri ambayo sasa ni ya Jiji la Dodoma, kwa hiyo nendeni idara ya ardhi mkaulize kama umiliki wa mzee ulishahuishwa na kama kuna kodi ya ardhi inayodaiwa. Kusajili mabadiliko yoyote kutasubiri msimamizi ateuliwe. Yeye ndiye atakayeingizwa kwanza kwa nafasi hiyo ya usimamizi, halafu atawahamishia warithi. Mwenye kiti hicho asijione ameshakuwa mwenye mali, kwani kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Ikiwa mtakuwa Mahakama ya Mwanzo, atatakiwa ndani ya miezi minne ya uteuzi wake kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na hapo daftari la zabibu alilolitaja Mama wa Mvumi litahitajika.