Nauziwa boksi la santuri za soul hapa Manchester: nitajuaje zipi orijino na zipi za marudio?

KijanaWaUpanga
Wakuu habari za muda huu. Nipo Manchester kikazi, na huku nimeambukizwa ugonjwa wa santuri za soul za miaka ya 60. Kuna mzee Mwingereza anahama nyumba, anauza boksi zima: 45 (zile santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) kama mia hivi na LP (zile kubwa za albamu) chache. Boksi anataka pauni 600. Halafu kuna moja kaiweka pembeni, Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", hiyo anaitaka pauni 150 peke yake. Anaapa ni orijino, kainunua enzi za Wigan Casino, ule ukumbi wa kucheza soul.

Nimeziangalia juu juu. Zote zinaonekana kuukuu, makava yamechakaa, lebo (zile karatasi za katikati) zimefifia. Nyingine zimetobolewa katundu kwenye lebo, hizo zimenitia shaka. Kuna Motown nyingi, James Brown za King (zote kampuni za santuri za Marekani), na albamu ya Otis Blue ya Otis Redding ila lebo yake imeandikwa Atco. Wajuzi nisaidieni, naanza kuangalia nini? Jumamosi natakiwa nimpe jibu.

Sindano Butu
Ngoja waje wenyewe. Ila mkuu, pauni 150 kwa wimbo mmoja? Hiyo si kodi ya chumba Tandale miezi kadhaa? Nakaa hapa nasoma comments.

Mzee wa B Side
Kijana, hiyo Frank Wilson achana nayo kwa bei hiyo. Ilitengenezwa mwishoni mwa 1965 kwa lebo, yaani chapa ya kampuni, iitwayo Soul, tawi la Motown. Wilson akachagua kuwa prodyuza badala ya kuimba, nakala za majaribio inasemekana zikaharibiwa, zilizosalia zinahesabika kwa vidole. Mwaka 2009 moja iliuzwa pauni 25,742. Mwaka 2020 ikavuka 100,000. Hakuna mtu aliyecheza soul kaskazini ya Uingereza asiyeijua habari hiyo.

Na huyo mzee si lazima awe mwongo. Wigan Casino ilifanya kazi 1973 hadi 1981. Miaka hiyohiyo ndiyo feki za soul zilimwagika sokoni, kwa sababu ma-DJ walikuwa na wimbo mmoja ambao ukumbi mzima unautaka na hakuna wa kuuza. Wimbo huu walikuwa wanauficha kwa jina la mwimbaji mwingine, Eddie Foster, ili DJ mwenzao asijue autafute wapi. Mwaka 1979 Tamla Motown, yaani lebo ya Motown kwa Uingereza, wakautoa kihalali kwa namba TMG 1170. Kwa hiyo inawezekana kabisa aliinunua enzi za Casino na bado isiwe orijino.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Feki ya 1975 leo ina miaka hamsini. Imechakaa, imenuka stoo, lebo imepauka. Uchakavu usikudanganye. Wewe soma ukingo laini ulio kati ya mwisho wa mistari ya muziki na lebo. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa santuri, uone kilichoandikwa pale. Motown nyingi za Detroit zilichapwa kiwanda cha American Record Pressing, Owosso, Michigan, na utakuta mhuri mdogo wa ARP umegongwa hapo. Kile kiwanda kiliungua 1972. Za Monarch ya Los Angeles zina kipembetatu kimefuatiwa na namba, na namba hizo zilikuwa zinapanda kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana watu wanazitumia kujua mwaka. Ukikuta mahali ambapo nakala zinazojulikana zina mhuri wa kugongwa, yako imekwaruzwa kwa mkono na mhuri haupo, weka chini.

KijanaWaUpanga
Shikamoo mzee wangu. Sasa hizo "nakala zinazojulikana" nazipata wapi za kulinganisha?

Mzee wa B Side
Marahaba. Discogs na 45cat, hizo ni tovuti za santuri, watu wanapakia picha za lebo na kuandika hadi mikwaruzo. Usiridhike na namba ya lebo tu, maana hiyo anayeghushi anainakili kwanza.

Dada wa Leeds
Naongeza, maana mimi ndiyo viwanja vyangu hivi.

Matundu yasikutishe. Hizo ni santuri zilizokosa soko, kampuni ikazitoboa ili ziuzwe kwa bei ya kutupa na duka lisizirudishe kudai pesa kamili. Nyingi ni orijino safi kabisa.

Angalia na plastiki yenyewe. 45 nyingi za Marekani, hasa za Monarch na za viwanda vya Columbia, hazikuwa vinaili bali stairini. Stairini haipindi, ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mkavu, na lebo yake ni karatasi iliyogundishwa juu. Kwenye vinaili lebo imeshikana na santuri yenyewe tangu kwenye mashine. Sasa kama wimbo unajulikana ulitoka Marekani kwa stairini tu, ukaletewa ya vinaili inayopinda, basi umeshapata jibu lako. Ila stairini inaliwa upesi na sindano mbovu, kwa hiyo orijino inaweza kuwa orijino na bado ikawa inakwaruza masikio.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni sikio. Feki nyingi hazikutoka kwenye kanda ya studio, walinakili kutoka santuri nyingine. Weka sindano mwanzoni kabisa kabla muziki haujaanza. Kama santuri inang'aa, haina hata unywele wa mkwaruzo, lakini unasikia pa-pa-pa ya vumbi, hiyo ni mikwaruzo ya santuri ya mtu mwingine. Na lebo zake zilipigwa picha kutoka kwenye lebo, tazama herufi ndogo za jina la mtunzi kwenye mabano, zitakuwa zimevimba au zimeungana.

Kuhusu Otis: Otis Blue ilitoka 1965 kwa Volt, lebo ndogo ya kampuni ya Stax. Atlantic walikuwa wanaisambaza Stax, na mkataba ulikuwa unawapa umiliki wa rekodi zote. Atlantic wakauzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts 1967, Stax wakatoka 1968, wakaondoka mikono mitupu. Baada ya hapo za Otis zikaendelea kuchapwa na Atco, ambao ni Atlantic haohao. Kwa hiyo yako ni ya marudio, ila ni ya halali, na kwa masikio yangu inapiga vizuri tu. Usiilipie bei ya Volt.

Sindano Butu
Mnanichanganya. Kama ya marudio inapiga vizuri, orijino ya nini? Kent, lebo ya Uingereza ya marudio, wanatoa hizo soul adimu tangu 1982, kanda zenyewe za studio, safi, bei ya kueleweka. Mnanunua karatasi ya katikati au muziki?

Dada wa Leeds
Kent ninazo nyingi na sioni aibu. Lakini 45 nyingi za wakati ule zilikatwa kwa sauti ya juu, zipigwe redioni na kwenye jukebox. Ukiziweka ukumbini zinapiga kifuani. Halafu tuseme ukweli, huku kuna usiku wa soul ambao ukipiga ya marudio watu wanakutazama vibaya. Ni ubishoo, nakubali, na mimi ni mmoja wao.

Mkazi wa Ngara
Niaje watu wangu. Usisahau kuna daraja la tatu. Huku Nairobi zilichapwa soul za Marekani kwa leseni wakati huohuo nyimbo zinavuma. Hiyo si feki, na si marudio ya juzi, ni toleo la hapa. Zamani hakuna aliyejali, siku hizi wazungu wanakuja kuzitafuta hadi Kenyatta Market. Ukipata lebo imeandikwa Made in Kenya huko Manchester, boss, nipigie kwanza.

Mzee wa B Side
Mkazi umenikumbusha. Sisi Dar soul ilipigwa marufuku Novemba 1969, eti inaharibu vijana. Waliokuwa na santuri walizificha, ndiyo maana ukizipata leo nyingine zimetunzwa kuliko za huko Ulaya. Lakini nisiutoe uzi nje ya reli.

Kijana, njia za haraka kwa ajili ya Jumamosi. Msimbo wa mistari wa dukani ukiwa umechapwa kwenye kava la LP ya miaka ya 60, hiyo ni ya baadaye. Alama ya P ndani ya duara kwenye lebo ya Marekani, hiyo ni ya miaka ya 70 kuja mbele. Kwenye Tamla Motown ya Uingereza tafuta maandishi "Sold in U.K. subject to resale price conditions", yakiwepo ujue ni ya miaka ya 60. Lebo ya Uingereza yenyewe ilianza Machi 1965, kabla ya hapo Motown ilitoka huko kwa Oriole, Stateside na wengine, kwa hiyo asikuuzie Tamla Motown ya 1963. Ukiona Motown Yesteryear au Atlantic Oldies Series, hizo wamejitaja wenyewe kwamba ni za marudio.

KijanaWaUpanga
Mrejesho wakuu. Nimetoka huko sasa hivi. Nilienda na tochi, mzee akanipa na meza yake ya kupigia.

Frank Wilson: lebo imeandikwa Soul, santuri nyeusi inang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Nikaweka sindano. Kabla ya ngoma kuingia, pa, pa-pa, halafu mvumo. Nikaangalia jina kwenye mabano, herufi zimevimba kama alivyosema Dada. Nikamwonyesha mzee. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu, akasema aliilipia hela nyingi kwa siku zile. Hakukasirika. Kaitoa kwenye mauzo, anabaki nayo.

Motown za Marekani nyingi zina mhuri wa ARP. Za Uingereza karibu zote zina yale maandishi ya resale. Chache ni Yesteryear, nimezitoa. James Brown ya "Papa's Got a Brand New Bag" ni King 5999, imechoka lakini ukingo wake unalingana na picha za Discogs. Otis ya Atco nimeihesabu kama ya marudio. Tumekubaliana 420 kwa boksi lote, Jumanne naenda na gari. Nimepigwa au sijapigwa?

Dada wa Leeds
Hujapigwa. Ila zile zilizotobolewa hujasema ni za lebo gani. Usizichanganye na nyingine kabla hujatupia picha.

Sindano Butu
Na hiyo Atco kama huitaki, mimi nakupa pauni 10 na nauli juu yako.