Kuchapa kwa kusikiliza rekodi: mkono unaachwa na sauti, nifanyeje?

Binti_Ligula: Habarini wakuu. Nasoma uhazili hapa Mtwara. Kunakili kutoka kwenye karatasi nafika maneno 40 kwa dakika, ila nikipewa rekodi ya kikao naachwa mbali. Dakika 10 za sauti zinakula saa moja na nusu. Kanyagio la mguu la kusimamisha na kurudisha sauti sina, nina laptop na simu tu. Naanzia wapi?

Masijala: Dada, kasi yako haina tatizo. Mtu akiongea kawaida anapita maneno 100 kwa dakika, hakuna mkono wa kumfukuzia. Mzoefu mwenyewe hutumia kama saa 4 kwa saa 1 ya sauti safi, anayeanza 6 mpaka 8.

Angalia mkono wa kulia: kila ukisimamisha sauti unaacha kibodi unashika kipanya. Hapo ndipo muda unapoishia. Fungua oTranscribe kwenye kivinjari, ni tovuti ya bure ya kusikiliza rekodi na kuchapa hapo hapo. Esc inasimamisha na kuendeleza, F1 inarudisha nyuma, F3 inapunguza mwendo, F4 inaongeza. F zikibadilisha mwanga wa skrini badala yake, bonyeza pamoja na Fn. Mwendo shusha kidogo tu. Ukipita chini ya nusu silabi zinavutika na neno halitambuliki tena. Mwanzoni sikiliza maneno matano sita, simamisha, chapa. Ukizoea acha sauti itangulie maneno matatu huku vidole vinaendelea. Makosa ya herufi usiyarudie pale pale, yasubiri mzunguko wa pili.

Kutoka_Nachingwea: Naongezea kwenye namba, maana ndiko watu wanakoharibu. Mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) akisema "kilo elfu ishirini na tano", ni 25,000 au 20,005? "Elfu mia mbili" je, 200,000 au 1,200? Sikio halitakuambia. Linganisha na jumla inayotajwa mbele au karatasi za mnada. Bado huna uhakika? Weka [?] na muda wa rekodi, kwenye oTranscribe Ctrl+J inauandika wenyewe. Majina ya mahali vilevile: Nanyumbu na Nanyamba kwenye rekodi chafu ni mapacha. Omba ajenda na orodha ya mahudhurio kabla hujagusa kibodi.

Na muulize bosi anataka muhtasari au neno kwa neno. Kwenye shauri la nidhamu hata "eeh" inabaki. Kwenye muhtasari, "yaani" kumi za mjumbe mmoja hazimsaidii mtu.

Binti_Ligula: Asanteni sana. Rekodi nyingi zinakuja kwa WhatsApp, nyingine hazifunguki. Na kanyagio ninunue?

Masijala: Zinazogoma zipitishe VLC, programu ya kuchezea sauti na video: Media, kisha Convert/Save, toa mp3. Kanyagio lisubiri mpaka kazi ziwe za kila siku. Mara nyingi lina sehemu tatu: kati kucheza, kushoto kurudisha, kulia kupeleka mbele. Ukiinua mguu sauti inasimama, na programu kama Express Scribe unaipangia irudi nyuma sekunde 1 au 2 yenyewe, hupotezi neno. Hakikisha ni la USB. Yale ya mashine za kaseti yana plagi yake, kwenye laptop haiingii.

Kutoka_Nachingwea: Siku ukirekodi mwenyewe, simu isikae chini ya panka wala juu ya meza tupu. Kila anayegonga kalamu anasikika kuliko mwenyekiti. Kunja kanga mara nne, weka simu juu ya kanga hiyo, karibu na wanaoongea kwa sauti ndogo.