Je, naweza kufungua madai ya deni kwa kutumia kiolezo cha hati nilichopakua kwenye intaneti?

Mama wa Kihonda

Ndugu wanajukwaa, naomba mwongozo wenu. Machi 2023 nilimkopesha mfanyabiashara mwenzangu hapa Morogoro shilingi 8,000,000 za kuongezea mtaji, kwa makubaliano kwamba angezirejesha ndani ya miezi 12. Hatukwenda kwa wakili. Kijana wa steshenari alitupakulia kiolezo cha mkataba wa mkopo, akajaza majina yetu na kiasi cha fedha, nasi tukatia saini mbele ya mashahidi wawili. Mwenzangu amelipa 1,500,000 tu, na sasa hapokei simu zangu. Juzi nilipousoma mkataba kwa makini nimekuta ibara inayosema kwamba utatawaliwa na sheria za Uingereza na Wales, ilhali sisi sote ni wakazi wa hapa na fedha zilitolewa hapa.

Nimepakua kiolezo kingine, cha hati ya madai, chenye kurasa tisa na kiapo cha kuthibitisha madai mwishoni. Je, nikijaze na kukipeleka mahakamani? Na ile ibara ya Uingereza, je, imeuharibu mkataba wangu?

Karani Mstaafu

Dada, pole sana. Nimefanya kazi katika masjala ya mahakama kwa miaka mingi, na nakuomba usikijaze kiolezo hicho. Kiapo unachokitaja kinanifanya niamini kwamba kiolezo ni cha Kenya, kwa kuwa kanuni zao za mwaka 2010 zinataka hati ya madai iambatane na kiapo cha mdai. Kwetu Tanzania, Amri ya VI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inataka uthibitisho uwekwe chini ya hati yenyewe: mdai anataja kwa namba aya anazozijua yeye mwenyewe na zile alizoambiwa na kuamini kuwa ni za kweli, kisha anatia saini na kuandika tarehe na mahali.

Hata hivyo, kosa hilo lingerekebishika. Jambo zito zaidi ni kwamba Sura ya 33 inahusu Mahakama Kuu, Mahakama za Hakimu Mkazi na Mahakama za Wilaya, wakati Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za madai. Sheria hiyohiyo inaelekeza kwamba shauri lifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kulisikiliza, na deni la mkataba la 6,500,000 limo ndani ya uwezo wa Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo kiolezo chako, hata kingekuwa cha Tanzania, kingekuwa cha mahakama nyingine.

Unachohitaji ni maelezo mafupi, kwa maneno yako: wewe ni nani na unaishi wapi, mdaiwa ni nani na anaishi wapi, mlikubaliana nini na lini, amelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na unaiomba mahakama iamuru nini. Nimeona hati zikiletwa zikiwa bado na majina ya watu wasiohusika, kwa sababu aliyejaza hakusoma ukurasa wa nne. Inaumiza kumwona mtu mwenye haki yake akirudishwa nyumbani kwa jambo kama hilo.

Wakili wa Mkoani

Naunga mkono maelezo ya Karani. Kuhusu mkataba, dada, ibara ile haiufuti. Kwa kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na lengo halali, na hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwabana wahusika pale ambapo hakuna sheria inayodai maandishi. Ibara hiyo itampa mdaiwa neno la kubishania, basi.

Ninachokihofia zaidi ni ushuru wa stempu. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati inayopaswa kulipiwa ushuru haipokelewi kuwa ushahidi kabla ya kulipiwa, ingawa kasoro hiyo hutibika kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu yake. Shughulikia hilo kabla ya siku ya kusikilizwa. Muda bado unao, kwani Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba.

Usimlipe tena kijana wa steshenari akuandalie hati ya mahakama, kwa maana Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kufanya kazi hiyo kwa malipo. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuandika ya kwako. Mwishoni andika kwamba imeandaliwa na mdai mwenyewe, pamoja na anwani yako.

Mkulima wa Mang'ula

Nami niliuziwa shamba la kijiji kwa kiolezo cha kiwanja chenye hatimiliki. Hakikuwa na mahali popote pa idhini ya halmashauri ya kijiji, na idhini hiyo ndiyo iliyokuja kuulizwa baadaye.

Mama wa Kihonda

Nawashukuru sana. Nimeandika hivi: "Tarehe 6 Machi 2023 nilimkopesha mdaiwa shilingi 8,000,000 kwa mkataba wa maandishi, azirejeshe kabla ya tarehe 6 Machi 2024. Amelipa 1,500,000. Naomba mahakama imwamuru anilipe 6,500,000 zilizobaki pamoja na gharama za shauri." Je, inatosha?

Karani Mstaafu

Inaeleweka vizuri. Ongeza tarehe aliyolipa ile 1,500,000 na njia aliyotumia kulipa, na kama ni kwa simu, chukua taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako. Halafu wajulishe mapema wale mashahidi wawili kwamba watahitajika.