Draiva ya GPIO imejaa irq_base, naipunguzaje?

Wakuu habari, nimerithi draiva ya Linux ya zamani ya GPIO (pini za chipu za kuingiza na kutoa ishara), pini 32, aliyeiandika kila mahali anajumlisha irq_base (namba ya kuanzia ya interrupt, yaani ishara ya kukatiza prosesa) + pini halafu ana jedwali lake la kutafsiri namba ya interrupt ya chipu iwe namba ya Linux, ukigusa huku kunaharibika kule. Naanzia wapi?

fundi_waya: Futa hilo jedwali mkuu. Hiyo kazi ya irq_domain (sehemu ya kerneli inayotafsiri namba hizo), ita irq_domain_create_linear mara moja uipe 32. Kwenye hendla (fanksheni inayoshughulikia interrupt ikija), badala ya irq_find_mapping kisha generic_handle_irq, weka generic_handle_domain_irq tu, ipo toka kerneli 5.14 ya 2021.

mama_kerneli: Kwa GPIO hata domeini usiunde mwenyewe, weka select GPIOLIB_IRQCHIP kwenye Kconfig (faili la chaguo za kujenga kerneli), jaza gpio_chip.irq, basi. Halafu ukitafuta namba ya interrupt, irq_of_parse_and_map ikifeli inarudisha 0, platform_get_irq inarudisha namba hasi, mi nilikesha siku mbili nacheki irq < 0 bure.

Muulizaji: Asanteni, jedwali limekwenda na maji, nikibonyeza kitufe cha pini 7 hesabu ya interrupt inapanda kwenye /proc/interrupts. Ile ya 0 hata mi nilikuwa nayo 😂